Bosi wa siku hizi anaulizwa maswali, zoea tu

Wenzangu wenye biashara tukikutana kwenye kahawa wimbo ni ule ule, eti vijana wa sasa hawana adabu, ukimtuma anauliza kwa nini. Mimi nina ofisi ya kuprinti mabango na tisheti Kariakoo na sioni kama ni adabu. Sisi tumekulia zama za "mzee kasema", ukishaambiwa hivyo unainama unaenda, huyu wa leo sheria anayo kwenye simu.

Na kweli anayo. Jaribu kumbakisha mtu mpaka usiku msimu wa harusi au kampeni halafu umpe soda na nauli, atakwambia kiupole kabisa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu inayolipwa mara moja na nusu, na hiyo ovataimu nayo isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Sasa hapo utamfokea? Mfokee leo, kesho akuite CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na ukifika kule huna mkataba wa maandishi jua wewe mwajiri ndo unatakiwa uthibitishe mlikubaliana nini.

Kazi ikibana mimi nawaita asubuhi, nawaambia mteja kaleta oda hii anaitaka Ijumaa, ovataimu ni kiasi hiki, nani anaweza? Wanapatikana. Na aliyekataa usimnunie, labda ana mtoto mdogo au anasoma jioni.

Hela pia, kuwa muwazi. Ile 20% ya mshahara inayoenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zamani mwajiri alikuwa anaweza kukata sehemu ya mfanyakazi akakaa nayo, mtu anakuja kujua akistaafu, sahivi anacheki michango mwenyewe. Mshahara ukiona utachelewa sema tarehe 25, siyo tarehe 2 wakati mwenye nyumba ameshampigia.

Halafu grupu la WhatsApp, hapa ndo mabosi wengi wanaharibu. Saa nne usiku unamtumia mtu voisi ya dakika tatu ya kumfokea mbele ya wenzake, na hiyo voisi ataisikiliza mpaka shemeji yake maana itaforwadiwa tu. Mwite pembeni. Kusifia ndo kufanye grupuni.

Najua utaniambia ukiwalegezea watakupanda kichwani. Mbona anayechelewa bado nampa vidonge vyake, na bango likitoka jina la bwana harusi limekosewa lazima nijue nani alilipitisha. Ila na wao wananiuliza, na mwenye hoja namsikiliza, fundi wangu wa mashine ndo alishauri tusiprinti chochote mpaka mteja aone dizaini na aandike mwenyewe "sawa", sasa huo ndo utaratibu wetu na kugombana na wateja kuhusu majina kumepungua mno.