Tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi inamwacha mkulima nje ya orodha

Msimu wa korosho wa 2023 nilikuwa Tandahimba, namsaidia karani wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, kutoa kwenye Access, programu ya kutunza kumbukumbu katika majedwali, orodha ya mizigo iliyopokelewa kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Novemba. Programu ilikuwa imegoma, inadai aina za data hazilingani. Karani akaniambia ameshalimaliza: ametoa alama za reli (#), zinazoiambia Access kwamba hii ni tarehe, ameweka za nukuu, za maandishi, na orodha imetoka.

Kweli ilitoka. Lakini dirishani alisimama mzee na stakabadhi ya 5/11/2023, imekunjwa mara nne. "Mjukuu wangu, karatasi ninayo, jina ndilo halimo."

Safu ya tarehe ilikuwa ya maandishi, kwa hiyo kompyuta ilipanga tarehe kama inavyopanga majina, herufi kwa herufi. Tano ni kubwa kuliko tatu, basi 5/11/2023 ikawa imeipita 30/11/2023, mzee akaachwa. Mzigo wa 2/3/2023, yaani wa Machi, ungeingia bila kuulizwa, kwa kuwa mbili iko kati ya moja na tatu.

Kwa hiyo kosa hili usilinyamazishe kwa nukuu. Fungua muundo wa jedwali, utazame safu ni ya aina gani. Ikiwa ni ya maandishi, usibadilishe aina hapo hapo, kwa sababu Access hufuta kila inachoshindwa kugeuza. Nakili jedwali, ongeza safu mpya ya tarehe, uijaze kwa CDate, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, baada ya kuchuja kwa IsDate, inayokagua kama yanageuzika, maana CDate hukwama ikikuta nafasi tupu. Hakikisha pia Windows imepangwa siku kwanza. Zitakazokataliwa, rudi kwenye karatasi. Sisi tulikuta 31/11/2023, siku isiyokuwepo.

Halafu alama za reli zenyewe. Ndani yake Access husoma mwezi kwanza, Kimarekani, hata kompyuta iwe imepangwa vipi. #5/11/2023# ni 11 Mei. Inayonitia hofu zaidi ni #25/11/2023#: kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inasomwa sawasawa, nawe unaamini zote ziko sawa. Andika #2023-11-05#. Na kama safu inabeba saa, weka mwisho uwe chini ya #2023-12-01#, la sivyo mizigo ya tarehe 30 mchana itadondoka.

Jioni ile tuliitoa orodha upya. Mzee alisogea kwenye skrini, akalitafuta jina lake kwa kidole, akalinganisha kilo na karatasi yake, kisha akaikunja tena.