Spitfire yangu haifiki kasi ya vitabuni

SWALI: Kwenye gemu la urubani, Spitfire Mk I yangu (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia) inagota kilomita 425 kwa saa kwenye kimo cha mita 5,700. Vitabu vinasema 570. Gemu linadanganya?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Mshale wa kasi hupima msukumo wa hewa, na kwenye kimo hicho hewa ina takriban asilimia 56 tu ya uzito wa ile ya usawa wa bahari. Zidisha 425 kwa 1.34 (yaani 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.56), utaipata 570 yako.

Unapopima, weka joto la ramani nyuzi 15. Nyuzi 32 za hapa Dar hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia 6. Upepo uwe sifuri, na uruke bila kupanda wala kushuka hadi mshale utulie.

Jaribio zuri zaidi ni hili: sukuma usukani mbele ghafla. Merlin ya 1940, yaani injini ya Spitfire, lazima ikatike nguvu kidogo, kwa sababu kabureta yake ya boya huvurugika. Bf 109E, ndege ya kivita ya Wajerumani, haikatiki, maana mafuta yake hupulizwa moja kwa moja kwenye silinda. Dawa ya muda ya mhandisi Beatrice Shilling ilikuja 1941, kwa hiyo Spitfire ya 1940 isiyokatika ndiyo ya kulalamikia.