Wifi, chanjo ya UTI acha kwanza

"Wifi, dawa yako imepatikana. Eti ina ladha ya nanasi."

Ujumbe huo uliniingilia saa nne usiku, Aprili 2024, kutoka kwa wifi yangu anayeishi Reading, Uingereza. Ulinikuta chooni, safari ya saba tangu magharibi, mkono ukutani, natoa matone matatu yanayochoma kama pilipili. Habari yenyewe hata sikuifungua. Nilimjibu, "Ninunulie mbili."

Kesho yake nilimwonyesha daktari ile habari, nikamweleza kwamba UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, imenishika mara tano ndani ya mwaka mmoja. Akaniuliza swali moja lililoniudhi: "Mara ngapi uliotesha mkojo?" Yaani maabara wamkuze mdudu aliyemo, waone ni yupi na dawa gani inamweza.

Hata mara moja. Mara mbili nilipimwa kwa kijiti nikaambiwa "wadudu wapo". Mara moja nilikuwa na homa, majibu yakaja malaria hakuna, taifodi kidogo, UTI kidogo (tunaijua hiyo seti, wengine tumeipata hata tukienda na mafua). Mara mbili zilizobaki nilijitibu mwenyewe: duka la dawa, antibiotiki ya sipro, na siku nyingine azuma, antibiotiki nyingine, kwa sababu jirani ilimsaidia. Siku mbili nikipata nafuu, vidonge vilivyobaki naviweka kwenye pochi vije kunifaa safari ijayo.

Kwa hiyo nilikuwa naagiza chanjo kutoka Ulaya bila kujua hata ni mdudu gani ananisumbua.

Tuje kwenye hiyo chanjo, maana si ya kubeza. Inaitwa MV140, jina la dukani Uromune, imetengenezwa Hispania. Haina sindano: unapulizia chini ya ulimi mara mbili kila siku kwa miezi 3. Ndani yake kuna bakteria wa aina nne waliokwisha kuuawa, akiwemo E. coli, ambaye ndiye chanzo cha UTI nyingi kuliko wote. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya wanawake 240 wa Hispania na Uingereza wenye UTI za kujirudia. Waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na chanjo ndani, robo tu walimaliza miezi 9 bila kuugua tena. Waliopulizia chanjo kwa miezi 3, walikuwa asilimia 56. Kwa aliyezoea kuamka usiku mara saba, hiyo si namba ndogo.

Ile habari ya wifi ilihusu kundi jingine, watu 89 wa hospitali moja hapo hapo Reading waliotumia chanjo hiyo na kufuatiliwa kwa miaka 9. Zaidi ya nusu yao hawakuugua tena muda huo wote. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na UTI zina tabia ya kukuandama miaka miwili kisha zikatulia zenyewe. Nikimsikia mtu anaitangaza chanjo kwa namba hiyo peke yake, namtilia shaka.

Mbona basi chanjo ya ugonjwa wa kawaida namna hii inachelewa? Daktari alinichorea kwenye karatasi ya majibu ya mtu mwingine. E. coli ana vinyweleo, na kwenye ncha ya kila kinyweleo kuna protini inayoitwa FimH, inayong'ang'ania ukuta wa kibofu kama kulabu. Ndiyo maana mkojo haumsombi. Akishajishika anaingia ndani ya seli zenyewe na kujificha humo, dozi inapita juu kwa juu. Tangu miaka ya 1990 wapo wanaotafuta chanjo ya kuiziba kulabu hiyo. Halafu kibofu chenyewe hakiweki kumbukumbu ya mdudu aliyekivamia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliona kwa panya kwamba kikishambuliwa kinakimbilia kukarabati ukuta uliobanduka, na kumsaka mdudu kunabaki nyuma.

Na E. coli si mmoja. Kampuni ya Janssen ilitengeneza chanjo ya sindano dhidi ya aina tisa zake, ikilenga wazee ambao mdudu huyo huwaingia hadi kwenye damu. Februari 2024, miezi miwili kabla ya ujumbe wa wifi, jaribio hilo kubwa lilisimamishwa kwa sababu chanjo haikuonyesha kukinga vya kutosha. Habari hiyo hakuna aliyenitumia.

Nifanyeje basi, ndiyo mnaniuliza kila siku huku kwenye maoni. Mimi nilianza na kuotesha. Nilipewa kikopo safi, nikaambiwa nimwage mkojo wa kwanza, nikinge wa katikati. Gharama ilizidi ya kijiti, majibu yakachukua siku tatu, na muuguzi akaniona msumbufu. Karatasi ilirudi na E. coli, na mbele ya sipro imeandikwa sugu. Ile niliyokuwa nabeba kwenye pochi! Nikapewa nyingine iliyoonyesha kumweza, nikaimaliza yote. Ila ukiwa na homa, maumivu ya kiuno au mimba, usikae nyumbani kusubiri siku tatu wala maoni yangu. Nenda hospitali leo.

La pili ni maji, na hapa wanawake wa daladala tutaelewana. Tunayakwepa kwa makusudi, kwa sababu choo cha stendi tunakijua. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 140 waliozoea kunywa maji machache. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7 kwa mwaka, wenzao mara 3.2. Mimi sasa nakunywa mengi nikishafika kazini, kwenye choo chenye mlango na maji.

Wifi anakuja Desemba. Ameuliza tena kuhusu ile ya nanasi, nikamwambia aniletee chokoleti, na hiyo nyingine nitamuuliza daktari kwanza nikiwa na ile karatasi mkononi.