Ndoo ya wingu si diski: jinsi ya kuipatanisha na programu za zamani

Programu nyingi za ofisini ziliandikwa kwa ajili ya diski. Hufungua faili, hubadilisha baiti chache katikati, huwafungia wengine wasiiguse kwa muda, kisha huipa jina jipya. Ndoo (bucket, yaani hifadhi ya faili kwenye wingu) ya kawaida ya Amazon S3, au ya huduma nyingine inayofuata itifaki yake, haina kitendo hata kimoja kati ya hivyo. Inapokea faili nzima, inaitoa nzima au kipande, inaifuta. Basi. Hata folda hazimo: ankara/2024/001.pdf ni jina moja refu, na ule mkwaju ni herufi kama nyingine.

Programu za FUSE (njia ya Linux ya kuifanya programu ionekane kama diski), kama rclone na s3fs, hukaa katikati na kuigiza diski. Mountpoint ya Amazon yenyewe ni nyepesi na ina kasi katika kusoma, lakini kwenye ndoo za kawaida haikubali kuhariri katikati ya faili iliyopo. Kwa ofisi yenye seva ya Linux inayogawa folda kwa Samba (programu inayozifikisha kwa kompyuta za ofisini), chaguo letu ni rclone yenye kashe kamili, yaani akiba ya muda ya faili kwenye diski ya seva:

rclone mount wingu:nyaraka /mnt/nyaraka --vfs-cache-mode full --cache-dir /data/kashe --vfs-cache-max-size 100G --vfs-cache-max-age 72h --vfs-write-back 30s --use-server-modtime --allow-other --rc

Bila neno full (au angalau minimal), programu inayofungua faili kwa kusoma na kuandika pamoja itapata hitilafu. Ikiwa rclone haiendeshwi na root (mtumiaji mkuu wa Linux), --allow-other inataka mstari user_allow_other katika /etc/fuse.conf. Na --use-server-modtime si pambo: rclone huweka tarehe halisi ya faili ndani ya maelezo ya ziada, na kuisoma ni ombi moja kwa kila faili. Folda ya faili 20,000 huorodheshwa kwa maombi 20 tu, kwa kuwa S3 hutoa majina 1,000 kwa kila ombi. Ukidai na zile tarehe, unaongeza maombi 20,000. Hapo ndipo watu husema “wingu ni zito”.

Kashe ya GB 100 isikae kwenye diski ya GB 100. Faili iliyo wazi, au ambayo bado haijapandishwa, haiondolewi hata kikomo kikipita. Acha nafasi ya ziada, angalau sawa na kazi ya siku nzima.

Sasa maumivu yenyewe. Ukibadilisha herufi moja katika faili ya GB 2, faili yote hupandishwa upya. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni karibu dakika 27. Kubadilisha jina nako ni kunakili kisha kufuta. Folda ile ya faili 20,000 ikipewa jina jipya, ni nakala 20,000 na ufutaji 20,000. Kwa S3 kufuta ni bure, kunakili kunalipiwa. Zoezi likikatika, baadhi ya faili zitabaki na jina la zamani na nyingine zitakuwa na jipya, wala hakuna wa kuzirudisha. Ndiyo maana kwenye --vfs-write-back, muda wa kusubiri kabla ya kupandisha, tumeweka sekunde 30 badala ya 5 za kawaida: programu zinazohifadhi kwanza faili ya muda kisha kuibadilisha jina humaliza mchezo huo ndani ya kashe, kabla chochote hakijapanda.

Lakini sekunde hizo 30 zina upande wa pili. Mtumiaji akiona “imehifadhiwa”, faili yake iko kwenye diski ya seva tu. Diski ikifa wakati huo, kazi imepotea.

SQLite, Access, MySQL, faili za PST za Outlook na diski za mashine pepe zisiwekwe humo kabisa. Kufuli za faili hazivuki kutoka seva moja kwenda nyingine, na seva mbili zikiandika faili moja, ya mwisho hufuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Hifadhidata ibaki kwenye diski halisi. Ndoo ipokee nakala zake za usiku.

Tangu Desemba 2020 S3 huonyesha faili mpya mara moja, ila rclone hukumbuka orodha ya folda kwa dakika 5. Mtu akipakia kwa njia nyingine, ofisini hawataiona hadi muda huo upite, au uitumie rclone ishara ya SIGHUP. Bora mlango uwe mmoja.

Kosa linalosumbua wengi ni Samba kuwaka kabla ya rclone. Watu wanaandika kwenye /mnt/nyaraka iliyo tupu, yaani diski ya ndani, kisha rclone inakataa kuanza kwa sababu folda si tupu tena. Katika systemd, inayowasha huduma za Linux, weka Type=notify kwa rclone, na Requires= pamoja na After= kwa Samba. Kisha, folda ikiwa bado tupu na rclone ikiendeshwa na root, ifunge isiandikwe kwa chattr +i.

Ondoa pia /mnt/nyaraka kwenye ukaguzi wa antivirusi. Ikianza kukagua, itashusha ndoo nzima, na ankara ya data inayotoka itakufikia.

Kabla ya kuzima seva, endesha rclone rc vfs/stats. Namba za uploadsQueued na uploadsInProgress zote zisome 0. Umeme ukikatika kabla ya hapo, iwashe rclone kwa vigezo vilevile na kashe ileile, itaendelea kupandisha zilizosalia. Vipande vya faili kubwa vilivyokatika njiani havionekani kwenye orodha ya kawaida ila vinalipiwa. Weka kanuni ya AbortIncompleteMultipartUpload kwenye ndoo, siku 7 zinatosha.