Vile vitabu vya mfukoni vya ndege na maua

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimenunua kwa muuza vitabu vya mitumba kakitabu ka ndege wa Uingereza, kadogo kanaingia mfuko wa shati kabisa. Hivi vilianza lini, na vilikuwa vya watoto kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Bila shaka hiyo ni Observer's, mfululizo wa vitabu vya mfukoni wa mchapishaji Frederick Warne wa London, walewale waliochapa hadithi za sungura za Beatrix Potter. Walianza 1937 na hao hao ndege, aina 236, ndege mmoja ukurasa mmoja, picha, kiota, mayai, sauti, basi. Wakubwa walisoma pia ila watoto ndo walivigombania, vingi walipewa zawadi ya birthdei.

Ila vya watoto hasahasa ni I-Spy, 1948, vya mwalimu mkuu mmoja anaitwa Charles Warrell, bei ilikuwa peni sita tu. Humo mtoto hasomi tu, akiona kitu anaandika ameona wapi na lini anajipa pointi, kitu adimu pointi nyingi, na enzi hizo kitabu kikijaa alikuwa anakituma kwa posta kwa "Chifu Mkuu" (ndo Warrell mwenyewe huyo!) anarudishiwa unyoya kama zawadi. Mimi naona huyu mwalimu aliwajua watoto kuliko wachapishaji wote wa London.