Parachuti, kamera na kompyuta ya kuhariria: pesa ianzie wapi

Mkuu, umesema una miruko 80, una uzito wa kilo 78, umeweka akiba, na unataka kununua vitu vitatu kwa mkupuo: parachuti yako mwenyewe, kamera ya kufunga kwenye helmeti na kompyuta ya kuhariria video, ili baadaye uwapige picha abiria wa tandemu, wale wanaoruka wakiwa wamefungwa kwa mkufunzi. Umeuliza pia ni kipi kati ya hivyo kinastahili fungu kubwa la pesa. Nimeruka na kamera kichwani kwa miaka mingi na ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nivumilie, nitajibu kwa kirefu. Kwa ufupi: nunua parachuti sasa, helmeti baadaye, kamera iwe ya mwisho. Na hiyo parachuti uichague ukiifikiria shingo yako.

Nikueleze kwa nini nataja shingo. Mtu anayeporomoka kifudifudi anakwenda kama kilomita 190 kwa saa. Mwavuli, yaani kile kitambaa cha parachuti kinachokubeba, ukifunguka vizuri, kasi hiyo inakatwa taratibu kwa sekunde tatu au nne, unahisi tu mikanda inakukumbatia mapajani. Ukifunguka kwa kishindo, unapigwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Sasa piga hesabu: kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, ongeza helmeti na kamera kilo moja na nusu. Kishindo cha mara tano ya uzito kinaifanya shingo ibebe zaidi ya kilo 32 kwa kufumba na kufumbua, pengine ikiwa imepinda kwa sababu ulikuwa unamwangalia mtu kupitia lenzi.

Mimi yalinikuta hivyo hivyo. Ulikuwa mruko wa nne wa siku. Tandemu ilishafungua, mimi nikataka nipate picha yao ya mwisho wakipanda juu yangu, nikavuta kishikio cha kufungua mwavuli huku kichwa kikiwa bado kimegeukia bega la kushoto. Nilisikia mlio ndani ya shingo, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Nilipotazama juu mwavuli ulikuwa mzima kabisa, umejaa, unakwenda sawa. Ila kichwa hakigeuki. Ili nione kama kuna mwenzangu upande wa kushoto ilinibidi niuzungushe mwavuli wote. Nilikaa miezi miwili bila kuruka.

Fundi wa parachuti aliutandaza ule mwavuli sakafuni, akazikusanya kamba zote na kuzivuta pamoja kwa nguvu moja, akaniita nione. Kamba za hatamu, zile za kuongozea, zilikuwa zimepungua karibu upana wa kiganja kuliko zilivyotoka kiwandani. Zilikuwa za Spectra, aina ya uzi wa plastiki wenye nguvu sana, zina miruko kama 700. Kamba za aina hiyo ni nyembamba na imara, lakini haziupendi moto. Kila mwavuli unapofunguka, slaida, kile kitambaa cha mraba kinachoteremka kwenye kamba ili kuuchelewesha mwavuli usijae kwa pupa, kinazisugua na kuzipasha joto, nazo zinanywea kidogo kidogo. Za pembeni na za hatamu ndizo zinazosuguliwa zaidi. Zikifupika, zinauvuta mkia wa mwavuli chini wakati wa kufunguka, kana kwamba umeshashika breki kupita kiasi, na kishindo kinazidi. Fundi alibadilisha kamba tu. Kitambaa ni kile kile, na mwavuli ukarudi kufunguka kwa upole kama nilivyoununua.

Kwa hiyo unapochagua mwavuli wa kurukia na kamera, swali la kwanza ni unafungukaje: je, unafunguka polepole, na unabaki kwenye uelekeo ule ule? Kasi na wepesi wa kukata kona viache kwanza. Miavuli yenye vyumba saba, yaani mifuko ya hewa iliyoshonwa sambamba, huwa na tabia nzuri ya kufunguka bila kugeuka. Wapiga picha wengi wameipenda Spectre ya Performance Designs kwa sababu hiyo. Ya vyumba tisa huelea mbali zaidi na hutua vizuri ukivuta breki, na ndani ya kundi hilo Pilot ya Aerodyne inasifika kwa kufunguka kwa upole. Yenye umbo la yai yenye kona za haraka iache kabisa kwa sasa. Ukipata nafasi ya kuagiza kamba za Dakroni usizidharau. Ni nene, zinaongeza ukubwa wa furushi na upinzani wa hewa, lakini zinanyumbuka, na huko kunyumbuka ni pumziko la shingo.

Ukubwa sasa. Kilo zako 78, ukiongeza parachuti, nguo na helmeti, utatoka mlangoni na kilo 91 hivi, yaani pauni 200. Miavuli inauzwa kwa futi za mraba, kwa hiyo unagawanya pauni kwa futi. Mwavuli wa 210 unakupa pauni 0.95 kwa kila futi ya mraba, wa 190 unakupa 1.05, na huo wa 170 uliosema umeuona kwa bei nzuri unakupa karibu 1.18. Kwa leseni za mwanzo, wakufunzi wengi wanashikilia 1.0 au chini yake, na mimi nakubaliana nao bila kusita. Chukua 210. Kamera itakuongezea uzito na kukupunguzia umakini, yote mawili yanadai mwavuli mkubwa zaidi. Ile 170 hata ingekuwa ya bure ningekukataza.

Watu wanasahau mwavuli wa akiba, ule wa dharura. Wananunua begi dogo linalopendeza mgongoni, na begi dogo maana yake ni akiba ndogo. Fikiria siku ambayo akiba itafunguliwa na kifaa cha kujifungua chenyewe kwa sababu umegongana na mwenzako hewani na umezimia. CYPRES, kimojawapo cha vifaa hivyo, ile ya warukaji wazoefu, inafyatuka ikikukuta kwenye mita 225 hivi juu ya ardhi ukiwa bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Baada ya hapo hakuna mtu wa kuvuta breki. Utatua vyovyote mwavuli ule utakavyokushusha, na futi za mraba ndizo zitakazoamua utavunjika nini. Akiba yako ikaribiane na mwavuli mkuu kwa ukubwa.

Kama unanunua vilivyotumika, na sioni ubaya wowote hapo, fundi unayemwamini wewe avikague kabla pesa haijatoka mkononi. Si fundi wa muuzaji. Aangalie miruko ya kamba, viraka, tarehe ya kifaa cha kujifungua chenyewe (vina ukomo wa miaka, na kilichobakiza miaka miwili si cha kulipia kama kipya), na mikanda kama inakukaa. Mikanda iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mrefu itakuhangaisha: kishikio cha kuachia mwavuli mkuu kinahamia mahali ambapo mkono wako haukukitarajia.

Kuhusu kamera yenyewe, una miruko 80. USPA, chama cha warukaji cha Marekani, kinapendekeza uwe na leseni ya C kwanza, na leseni hiyo haipatikani chini ya miruko 200. Najua kamera za siku hizi ni ndogo kama kiberiti na zinaonekana hazina madhara. Udogo wa kamera hauondoi tatizo, kwa sababu tatizo ni macho yako yanapokwenda. Ukiwa na kamera unaanza kufikiria fremu, mwanga, sura ya abiria, kama umewasha au hujawasha, na urefu unapungua mita 50 na kitu kila sekunde. Mwaka 1988, huko North Carolina, Ivan McGuire, mpiga video aliyekuwa na miruko zaidi ya 800, alitoka kwenye ndege kumrekodi mwanafunzi na mkufunzi wake bila kuvaa parachuti. Vifaa vya video alikuwa amevibeba mgongoni. Hakuwa mzembe, alikuwa mtu wa kazi ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye picha. Kila nikivaa, kabla ya kugusa kamera, ninashika vishikio vyote kwa mkono na kuvitaja kwa sauti. Nilianza kufanya hivyo niliposoma habari zake.

Ukifika miruko 200, nunua helmeti kabla ya kamera. Iwe na njia ya kuivua kwa mkono mmoja hewani, kishikio kimoja cha kidevuni ukikivuta helmeti yote inaondoka. Kamba ya mwavuli ikinasa kwenye kamera huwezi kuachia mwavuli mkuu mpaka uondoe huo mnaso, na utapendelea kuipoteza helmeti kuliko kichwa. Fanya zoezi la kuivua ukiwa chini, umefumba macho, umevaa glavu.

Halafu fanya jaribio la uzi. Chukua kipande cha kamba nyembamba ya mwavuli, mvalishe mwenzako helmeti, pitisha kamba juu yake kutoka kila upande, mbele, nyuma, chini ya sikio, huku ukiivuta kidogo. Popote inaponasa, hapo ndipo utakaponaswa. Helmeti yangu ya kwanza ilinasa sehemu tano, na moja ilikuwa skrubu ya kukazia kamera ambayo nilikuwa naiona kila siku. Nilizijaza kwa povu gumu, nikafunika kwa utepe wa gundi, nikabadilisha skrubu na kuweka ya kichwa bapa. Vijiti vya kamera za digrii 360 vinatoa picha za kuvutia sana, lakini kijiti kirefu kichwani ni ndoano. Visubiri.

Kamera gani? Ndogo ya vitendo inatosha kuanzia. Tangu GoPro HERO7 Black ya mwaka 2018 ilipokuja na utulizaji mzuri wa picha, video za kuangalika hazihitaji tena kamera kubwa. Weka 4K kwa fremu 60 kwa sekunde ili upate nafasi ya kupunguza kasi wakati wa kutoka mlangoni. Funga rangi ya mwanga isibadilike yenyewe, la sivyo anga litakuwa bluu, kisha zambarau, kisha kijivu katika mruko mmoja. Shusha mwangaza nusu hatua kwa sababu mawingu hugeuka haraka kuwa meupe tupu kwenye picha. Betri iwe imejaa kila mruko: hewa hupoa takribani nyuzi sita na nusu kila mita 1000, kwa hiyo kwenye mita 4000 kuna baridi ya nyuzi 26 zaidi ya pale ulipopandia, na betri iliyo nusu huzimika hapo hapo mlangoni. Vichujio vya kubandika mbele ya lenzi mimi situmii. Kikichomoka kinamwangukia mtu. Kamera kubwa ya picha za mnato, yenye swichi ya kung'ata kwa meno, ije mwaka wa pili au wa tatu, shingo ikishazoea.

Kompyuta ndiyo sehemu ambayo ningetumia pesa kidogo kuliko unavyofikiria. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 750 kila dakika. Abiria mmoja, kuanzia mahojiano ya chini mpaka kutua, ni dakika nane hivi, yaani gigabaiti 6. Abiria wanane kwa siku ni 48. Kwa hiyo unahitaji diski ya SSD yenye nafasi na kasi, kumbukumbu ya gigabaiti 16 ikiwezekana 32, na kadi za kamera zenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, inatoa mpaka 4K ya fremu 60, hutakosa kitu.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhariri mafaili ya H.265, video iliyobanwa sana na inayoichosha kompyuta, moja kwa moja kwenye laptop dhaifu. Abiria amekaa na ndugu zake nyuma yangu, mimi nasogeza sekunde mbili, picha inaganda. Siku hizi kadi ikiingia tu, programu inatengeneza nakala nyepesi, nahariri hizo, na wakati wa kutoa inarudi yenyewe kwenye mafaili halisi. Nina kiolezo tayari: mahojiano, kutembea kuelekea ndege, ndani ya ndege, mlango, mporomoko, kufunguka, kutua. Ninachobadilisha ni vipande na jina. Sauti ya upepo naizima, lakini sauti ya mtu anapogusa ardhi siigusi kamwe, hiyo ndiyo wanayoirudia kuiangalia. Na kadi haifutwi mpaka mafaili yawe kwenye diski mbili.

Kwa hiyo fungu lako ligawe hivi: parachuti ichukue pesa yote inayohitaji, weka pembeni ya kubadilishia kamba, lipia kozi ya kuongoza mwavuli. Kinachobaki kikae mpaka miruko 200. Jipime ukiwa umevaa kila kitu, begi mgongoni na helmeti kichwani, uniandikie hapa uzito halisi pamoja na miruko ya kamba za huo mwavuli wa 210 utakaouona, tufanye hesabu upya kabla hujalipa.