Barua kwa mwanangu: shemeji yako akitoka Ukonga

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa shambani, mvua inanyesha, sikushika kitu isipokuwa neno Ukonga. Usiku nikakaa jikoni nikausikiliza vizuri. Unasema shemeji yako anatoka gereza la Ukonga mwezi wa tatu, mume wako ameshaamua kwamba atafikia kwenu Tabata, watoto hawajaambiwa, na wewe usingizi umekata. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe unaenda gerezani na akina mama wenzako miaka yote hii. Niambie ukweli, tumpokee au tusimpokee?"

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na pia nataka mume wako asome.

Nianze na lile lililokushtua, kwamba alihukumiwa miaka saba kwa kuvunja duka na saba haijafika. Hajahonga mtu. Kwetu mfungwa wa kifungo cha muda hupunguziwa theluthi moja akiwa na mwenendo mzuri. Toa theluthi kwenye saba, inabaki minne na miezi minane. Hesabu hiyo yeye anaijua kwa siku tangu alipoingia. Parole ni jambo jingine, ina bodi zake na sheria yake ya mwaka 1994. Na msamaha wa Rais, ule wa 26 Aprili au 9 Desemba, ni jambo la tatu. Nakueleza hivi kwa sababu mama mkwe wako anatangaza kwamba mwanawe kasamehewa na Rais. Mwambie taratibu aache. Mtaani wakija kugundua si kweli, watasema na mengine aliyoyasema yalikuwa uongo.

Sasa jibu langu: mpokeeni, ila asilale kwenu.

Usikasirike, soma kwanza. Mpaka mwaka 2017 huduma yetu hapa gereza la Karanga ilikuwa ya ndani tu. Sabuni, dawa ya meno, nyimbo, neno, sala, tunarudi nyumbani kabla jua halijawa kali, tumeridhika. Tarehe 9 Desemba mwaka ule, Rais Magufuli akiwa Dodoma, akasamehe wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 wakawa wa kuachiwa moja kwa moja na waliobaki wakapunguziwa. Nchi nzima ilizungumza habari za wanamuziki wawili waliotoka siku hizo. Sisi tulikuwa na mtu wetu mmoja ambaye hakuna aliyemzungumza. Alitoka asubuhi akapanda kwao Kibosho. Kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, akakuta kinalimwa na kaka yake, mke ameolewa Rombo, mama alishazikwa na hakuna aliyemwandikia. Jioni alishuka kwa miguu akarudi langoni Karanga, akawaomba askari wampe pa kulala. Askari hawana namna ya kumlaza mtu ambaye si mfungwa. Mmoja akampigia simu mwinjilisti wetu.

Yule baba alilala ukumbini kwetu siku kumi na moja. Nilimpelekea chai kila asubuhi, na kila asubuhi nilimkuta amesimama nyuma ya mlango. Siku ya nne ndipo nikaelewa. Mlango haukuwa umefungwa. Alikuwa anangoja afunguliwe.

Habari ya kihamba iliisha vizuri, ingawa ilichukua miezi. Mwinjilisti na wazee wawili walimpeleka kwa kaka yake wakiwa wameshika jani la isale, ambalo sisi Wachagga tunaombea msamaha. Wapo usharikani walionung'unika kwamba hayo ni mambo ya kimila. Mimi nilikuwepo, na niliona mkubwa mwenye hasira ya miaka mingi akilitazama lile jani, akashindwa kuendelea kufoka, akamwambia mkewe alete viti. Yule baba akapewa mistari kadhaa ya migomba na mahali pa kujenga. Bado anaishi pale.

Ila kuna mwingine tulimpoteza, na kosa lilikuwa letu. Alikuwa kijana wa umri wa shemeji yako, sauti nzuri, mwenye kuipenda Biblia kwelikweli. Jumapili ya pili tu tangu atoke, usharika mmoja, siutaji, ukamsimamisha mbele atoe ushuhuda. Akasema yote: alivyoiba, alivyofungwa, alivyookoka. Watu walilia, walipiga vigelegele, walimpa sadaka. Nami nilipiga vigelegele. Wiki tano baadaye bahasha za mavuno hazikuonekana kabatini. Hakuna aliyemtaja jina, mwanangu. Walimtazama tu. Jumanne ikajulikana kwamba mhazini alizipeleka benki mapema bila kumwambia mtu. Jumatano tukaenda chumbani kwa kijana kumwomba radhi, tukakuta godoro limekunjwa na Biblia imewekwa juu yake. Hatujamwona tena.

Kwa hiyo ukisema mume wako ana amani kwa sababu mdogo wake ameokoka huko ndani, nafurahi kwa huo wokovu wala siubezi. Lakini huo haumlipii kodi ya chumba. Mwaka juzi kwenye semina, mchungaji mmoja aliyesoma Marekani alituletea habari za mpango wa Kikristo ulioanza mwaka 1997 katika gereza moja la Texas. Waliufuatilia kwa miaka miwili baada ya watu kutoka. Waliohitimu, waliorudi gerezani walikuwa asilimia 8 tu, wakati wafungwa wa namna yao ambao hawakuwa kwenye mpango walirudi asilimia 20. Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji, Mungu ambariki, akatuambia tungoje. Ukiwahesabu wote walioingia kwenye mpango, pamoja na walioachia njiani, waliorudi walikuwa asilimia 24, yaani zaidi kidogo ya wale ambao hawakuombewa na mtu. Na ili uitwe mhitimu ilitakiwa, mbali na kumaliza masomo ya ndani, uwe umeshika kazi na kuhudhuria kanisa kwa miezi mitatu mfululizo ukiwa nje. Mimi ni mwalimu mstaafu, hesabu hizo nazijua: ukiwaita wahitimu wale tu waliofaulu, darasa lako lote litafaulu. Lakini niliondoka na jambo moja. Waliosimama walikuwa na kazi, na walikuwa na mtu wa kuwauliza habari zao baada ya lango.

Ndiyo maana nasema asilale kwenu. Mna vyumba viwili na watoto watatu. Atakuwa mgeni, na methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu tunaijua wote, ila mtu aliyetoka gerezani hakuna anayethubutu kumpa jembe. Wiki ya kwanza mtamhurumia. Ya pili mtaanza kumchunga bila kujijua, unahamisha pochi, unafunga kabati. Ya tatu elfu kumi ikipotea mezani, hata kama mtoto ndiye kainunulia chipsi, mtatazamana kama tulivyotazamana sisi.

Mtafutieni chumba cha kupanga karibu, hatua za kutembea, aje kula kwenu jioni. Mimi nachangia mwezi mmoja, mama mkwe wako akiuza wale kuku atachangia mwingine. Mwenye nyumba atataka miezi sita. Mume wako aende mwenyewe, amweleze ukweli, aombe mitatu. Wiki hiyohiyo ampeleke kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usiseme ni aibu. Mjumbe atajua tu, na afadhali ajue kwa kinywa cha kaka mtu.

Kadi yake ya NIDA, kitambulisho cha taifa, itafuteni sasa, kabla hajatoka. Tulimpokea baba mmoja aliyeingia 2016 akatoka 2021. Alikuwa na karatasi yenye namba kumi na mbili za watu wake. Namba tisa hazikupatikana. Katikati hapo, 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na yeye alikuwa ndani. Yake ilikufa, na za ndugu zake nyingi zilibadilika. Bila kitambulisho hupati laini, bila laini huna pa kupokelea pesa, na kibarua siku hizi analipwa kwenye simu. Alizunguka miezi miwili kati ya ofisi ya kata na ofisi ya wilaya kabla hajapata namba. Wanaorudia wizi, wengi wanaurudia katika miezi kama hiyo.

Kazi: anasema amejifunza useremala. Vizuri. Mpelekeni kwa fundi mmoja wa Keko akawe msaidizi, hata kwa hela ya kula. Randa na patasi msimnunulie mwezi wa kwanza. Akishika mwezi wa pili, nunueni. Na mwulizeni kama alifanya mtihani wa VETA, ule wa mafunzo ya ufundi. Kama hakufanya, aandikishwe.

Sasa mume wako, na hapa naomba asome mwenyewe. Baba, shikamoo yako naipokea kila Krismasi na ninakupenda kama mwanangu. Pikipiki yako aliiuza yeye kabla hajavunja lile duka. Hujawahi kuitaja mbele yangu, lakini binti yangu ameniambia kwamba ukisikia mlio wa Boxer unanyamaza. Watu wanaipenda Luka 15 kwa sababu ya ndama aliyenona, ila yule kaka mkubwa aliyebaki nje ya nyumba, hadithi inaisha hatujui kama aliingia. Kaa na mdogo wako uyaseme, tena wiki ya kwanza, nyumbani kwa mama yenu, na mzee mmoja awepo. Umwambie pikipiki ilikuwa shilingi ngapi. Umwulize atalipa nini, hata kama ni elfu tano kwa mwezi. Usimsamehe kwa haraka ili yaishe. Nimewaona waliosamehewa haraka namna hiyo, hawawezi kukaa chumba kimoja na ndugu zao. Mwenye duka naye ana haki yake, lakini huyo aje baadaye, akishashika kazi.

Siku ya kutoka nenda langoni mwenyewe, usimtume mtu. Mbebee suruali, mkanda na viatu, maana nguo alizoingia nazo hazitamtosha. Msichinje mbuzi. Msimpeleke kanisani akasimamishwe. Mwaka mzima asitoe ushuhuda, na mchungaji wenu akisisitiza mpe namba yangu. Mtafutieni mwanamume mmoja tu pale usharikani, asiwe mchungaji, awe mtu mwenye kazi ya mikono, ambaye atamwona kila Jumamosi. Brazili wana magereza ambayo wakili mmoja Mkatoliki, Mário Ottoboni, aliyaanzisha na wenzake huko São José dos Campos mwaka 1972, na kule mfungwa anapewa mume na mke wa kujitolea wanaosimama kama wazazi wake wa ubatizo. Sisi hapa tumeiga kwa namna yetu. Kati ya yote tuliyojaribu, hilo ndilo nisingeliacha.

Wewe mwanangu, jikoni mwako utaona mambo. Atakula haraka haraka. Atakuomba ruhusa ya kwenda chooni. Jioni mapema atanyamaza, kwa sababu ndio saa ya kuhesabiwa na kufungiwa. Usimcheke wala usimtolee macho ya huruma, mwambie tu, "Shemeji, choo ni chako."

Watoto waambie. Najua wanaamini baba mdogo yuko Afrika Kusini, nami nimeshiriki uongo huo, Mungu anisamehe. Watoto wa wafungwa tunaowatembelea huku, karibu wote baba yao "amesafiri", na karibu wote wanajua. Kuna mama wa Marekani, Mary Kay Beard, aliyekuwa mwizi wa mabenki akafungwa. Akiwa ndani aliwaona wafungwa wenzake wakijiwekea sabuni na dawa ya meno walizogawiwa, Krismasi wakawapa watoto wao waliokuja kuwaona. Baada ya kutoka, mwaka 1982 akaanzisha huko Alabama mpango wa watu kununua zawadi ambazo mtoto anapewa kwa jina la mzazi wake aliye gerezani. Kwetu tunafanya kwa madaftari. Januari tunayanunua sisi, tunayapeleka ndani, baba anaandika jina la mtoto kwa mkono wake, nasi tunayapandisha vijijini. Nimeona mtoto wa darasa la pili akipitisha kidole juu ya mwandiko. Shemeji yako hana mtoto. Ana hao wako watatu, na mdogo aliwahi kubebwa mgongoni naye.

Alhamisi nakutumia mzigo kwa basi, mkaupokee kituo cha Magufuli, kondakta nitamwandikia namba ya mume wako. Kuna mkungu wa ndizi ng'ombe, kilo mbili za kahawa za mama mkwe wako, na chini kabisa, ndani ya soksi ya baba yenu, kuna kufuli jipya. Ni la mlango wa hicho chumba. Lina funguo mbili. Najua mume wako atataka abaki na mmoja, kwa usalama. Funguo zote mbili mpe shemeji yako.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako